Bibi wa Fanusi: Maisha ya Florence Nightingale na Heshima ya Wauguzi Wetu

Imekuwa ada, hapa Kisii na kwa jirani zetu wa Nyamira, kwamba mtoto akifaulu mtihani wake na kusema ataka kusomea uuguzi, wazee humwuliza kwa nini asisomee udaktari. Swali hilo huulizwa kwa upole, wala mwulizaji hadhani kwamba amemtusi mtu. Akiwa mtoto ni wa kiume huulizwa kwa kicheko. Akiwa wa kike, na khasa akiwa ni binti wa Kiislamu, huulizwa kwa wasiwasi, kwani kazi hiyo ni ya kukesha usiku, ni ya kugusa miili ya watu, na ni ya kupokea amri. Kisha siku moja yule mzee mwulizaji huletwa hospitali amepakiwa juu ya pikipiki, mwili wamtetema kwa homa ya malaria, na mtu wa kwanza anayemkuta macho saa nane za usiku si daktari. Ni muuguzi.

Tumeona vema kueleza mwezi huu maisha ya bibi mmoja aliyeikuta kazi hii katika dharau kubwa zaidi kuliko hii yetu, akaiacha katika daraja nyingine kabisa. Naye ni Florence Nightingale, Mwingereza. Huenda msomaji akatuuliza: mbona mmekwenda mbali hadi kwa Waingereza, na hali sisi tunaye Bibi Rufaida al-Aslamiyya, aliyekuwa na hema lake penye msikiti wa Madina akiwatibu majeruhi, ambaye ndiye aliyekabidhiwa Saad bin Muadh alipopigwa mshale katika vita vya Khandaq? Na Ummu Atiyya je, aliyetoka katika vita saba akiwapikia wapiganaji chakula na kuwaangalia wagonjwa? Jawabu letu ni kwamba mabibi hao tunawajua kwa habari chache, ilhali maisha ya Nightingale yanajulikana karibu siku kwa siku. Tena haya aliyopigana nayo ni ile ile haya tunayoiona hapa majumbani mwetu. Walakini mwenye kudai kwamba mwanamke Mwislamu kumwuguza mgonjwa ni jambo geni lililoletwa na wamisheni, basi na ajibiwe kwa hema la Rufaida, na maneno yatakuwa yamekwisha.

Alizaliwa tarehe 12 Mei mwaka 1820 katika mji wa Florence nchini Italia, wazazi wake walipokuwa safarini, nao wakampa jina la mji huo. Baba yake, William Nightingale, alikuwa tajiri aliyerithi mali, mwenye nyumba kubwa Lea Hurst katika jimbo la Derbyshire na nyingine Embley katika Hampshire. Mzee huyo alifanya jambo ambalo matajiri wengi wa zama zake hawakulifanya: aliwasomesha mabinti zake wawili yeye mwenyewe, akawafundisha Kiyunani, Kilatini na tarehe za mataifa. Florence akapenda zaidi hesabu. Msomaji alishike jambo hili la hesabu, kwani litarudi.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita, mwezi wa Februari 1837, aliitakidi kwamba Mwenyezi Mungu amemwita kwa kazi maalumu, ila hakujua ni kazi gani. Ilimchukua miaka kadhaa kuitambua. Mwaka 1845 akawaomba wazazi wake ruhusa ya kwenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya Salisbury, iliyokuwa karibu na kwao. Nyumba nzima ikafadhaika. Mama yake alilia, dada yake akaugua kwa ghadhabu, na ruhusa haikutolewa.

Yatupasa tuwatendee haki wazazi hao. Hospitali za Uingereza za wakati ule zilikuwa mahali pa maskini waliokosa pa kwenda. Mwenye uwezo aliuguliwa nyumbani kwake. Waliofanya kazi humo wengi hawakufundishwa chochote, walilipwa kidogo mno, wengine walilala katika vyumba vilivyopakana na wodi, na ulevi ulikuwa jambo la kawaida. Charles Dickens, mtunga riwaya mashuhuri, alimchora mwuguzi mlevi aitwaye Sairey Gamp katika riwaya yake ya Martin Chuzzlewit iliyotoka kati ya mwaka 1843 na 1844. Watu wakacheka, na katika kucheka wakasadiki. Hapana shaka walikuwako wauguzi wema, lakini jina lilikwisha kuharibika, na jina likiharibika wema hulipia pamoja na waovu. Kazi iliyolipwa vibaya na kudharauliwa iliwavuta waliokosa kazi nyingine, nao wakazidisha ile dharau. Mama yake Florence hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mama aliyeogopa jina la bintiye, na akina mama wa namna hiyo tunawajua.

Hapa kwetu hofu ina sura yake nyingine. Abagusii wana mila waiitayo ensoni, yaani haya na staha baina ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto. Mtu na mwenziwe wa vizazi hivyo viwili hawatazamani uchi, hawatamki mbele ya mmoja wao maneno ya aibu, wala hawaingiliani katika mambo ya siri ya mwili. Mila hii ina adabu nzuri ndani yake, na sisi Waislamu wenye hukumu zetu za stara ndio wa mwisho wa kuikejeli. Lakini tazama linalotokea mzee wa miaka sabini akilazwa, na binti wa miaka ishirini na mitatu, makamo ya mjukuu wake au ya mwanawe wa mwisho, akaja na beseni ili amwoshe. Mzee huona kwamba amevunjiwa heshima. Na kwa kuwa hawezi kuughadhibikia ugonjwa, humghadhibikia binti. Aibu ya mgonjwa huhamishwa ikatwikwa muuguzi, na watu wakimwona mitaani husema kwamba yule ni mtu aliyeona mengi. Twadhani hii ndiyo shina la jambo lenyewe, wala halijatajwa vya kutosha. Mtu huweza kumshukuru aliyemwona katika unyonge wake na hapo hapo asipende kukutana naye.

Tunarudi kwa bibi yetu. Alikataa kuolewa na Richard Monckton Milnes, mtu mwema na mwenye cheo, aliyemposa kwa miaka mingi. Wakati wa baridi wa mwaka 1849 akasafiri na marafiki wa nyumbani kwao hadi Misri, akapanda mto Nili, na katika mji wa Alexandria akatazama kazi ya masista wa Kikatoliki waliokuwa wakitibu maskini. Mwaka 1850 alifika Kaiserswerth nchini Ujerumani, kando ya mto Rhine, palipokuwa na hospitali na chuo cha wanawake wa Kiprotestanti, na mwaka uliofuata akarudi huko kujifunza kwa muda wa miezi mitatu. Alikuwa amepita umri wa miaka thelathini. Agosti 1853 akawekwa kuwa msimamizi wa nyumba ndogo ya kuuguzia mabibi wagonjwa huko London, pasipo mshahara. Baba yake, ambaye alikuwa amekwisha kulegea, alimpa paundi 500 kila mwaka za matumizi.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Dola ya Kiothmani ilitangaza vita juu ya Urusi, na Machi 1854 Waingereza na Wafaransa wakaingia upande wa Waturuki. Majeruhi wa Kiingereza walivushwa bahari kutoka Krimea wakaletwa Uskudar, ng'ambo ya Istanbul, katika kambi kubwa ya Selimiye ambayo serikali ya Sultani iliwaazima iwe hospitali. Magazeti ya London yakaeleza jinsi askari walivyokuwa wakifa humo bila bandeji wala mtu wa kuwapa maji. Sidney Herbert, waziri wa mambo ya vita na rafiki yake Florence, akamwomba aende. Tarehe 21 Oktoba akasafiri na wanawake thelathini na wanane: kumi walikuwa masista wa Kikatoliki, kumi na wanne wa jumuiya za Kianglikana, na kumi na wanne wauguzi wa kawaida wa hospitali. Wakafika tarehe 4 Novemba 1854.

Madaktari wa jeshi hawakuwataka. Hawakuwafukuza, ila hawakuwaita kazini. Na hapa bibi huyu alionyesha busara ambayo twaipenda kuliko ushujaa wake mwingine wote: hakugombana nao. Aliwazuia wanawake wake wasiingie wodini bila ya kuitwa, akawaketisha washone mashati na bandeji, huku yeye akinunua kwa fedha za michango vitu ambavyo ghala za jeshi hazikuvitoa, kama sabuni, mabeseni, taulo na brashi za kusugulia sakafu. Siku chache baadaye, baada ya mapigano ya Inkerman, majeruhi walifurika hata madaktari wakaja wenyewe kuomba msaada. Akakodi nyumba akaifanya dobi, akaweka masufuria makubwa ya maji moto, na wake wa askari wakaajiriwa kufua. Waliolewa kati ya wauguzi wake aliwarudisha kwao. Saa mbili za usiku ikipita hakumruhusu mwuguzi mwingine wa kike kubaki wodini; kazi ya usiku ilifanywa na wahudumu wa kiume, na mwenyewe ndiye aliyepita kukagua. Wazee wenye wasiwasi juu ya binti zao wamfikirie huyu. Wasiwasi wao alikuwa nao, naye aliutengenezea kanuni badala ya kuifunga kazi.

Katika kupita huko usiku ndipo lilipotoka jina lake mashuhuri la Bibi wa Taa. Wachoraji wa Ulaya walimpa mkononi taa ndogo ya mafuta yenye mdomo, kama ile ya hadithi za Alaudini. Sivyo ilivyokuwa. Aliyoichukua ilikuwa fanusi ya Kituruki, ile ya kukunjika yenye mshumaa ndani, iliyouzwa katika masoko ya Istanbul. Na neno fanusi msomaji wetu hahitaji kufasiriwa. Ni jambo dogo, lakini twalitaja kwa kuwa dunia nzima huchora taa isiyokuwa yake.

Sasa twafikia mahali ambapo wasimulizi wengi hupita upesi. Husimuliwa kwamba alipofika tu vifo vikapungua kwa upole wake na mikono yake laini. Hesabu hazisemi hivyo. Majira ya baridi ya kwanza vifo viliongezeka, na mwezi wa Februari 1855 walikufa wagonjwa wapatao 42 katika kila mia. Kambi ile ilijengwa juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba. Hewa na maji vilikuwa sumu, na askari waliokuja na jeraha la mguu walikufa kwa kuhara na homa. Mwezi wa Machi ikaja tume ya serikali iliyozibua mifereji, ikaondoa mizoga, ikatengeneza madirisha na njia za maji. Kufikia mwezi wa Juni vifo vilikuwa kama wawili tu katika kila mia.

Je, habari hii yamshusha bibi huyu? Kwetu sisi yampandisha. Aliporudi kwao Agosti 1856, akisafiri kwa jina la uongo ili kukwepa shangwe na bendi zilizoandaliwa, hakuketi kupokea sifa. Aliketi na hesabu. Pamoja na William Farr, mtaalamu wa takwimu, akachambua vifo vya jeshi zima akaona kwamba waliouawa na magonjwa yanayozuilika walikuwa wengi mara nyingi kuliko waliouawa na adui. Akavichora vifo hivyo katika duara zenye rangi, mwezi kwa mwezi, ili hata waziri asiyependa tarakimu asipate udhuru. Mwaka 1858 akaingizwa katika Jumuiya ya Takwimu ya London, mwanamke wa kwanza kuingizwa humo. Hapo ndipo heshima ya uuguzi ilipogeuka. Kabla yake mwuguzi alionewa huruma au alichekwa. Sasa alikuwa mtu anayejua kitu ambacho mkubwa wake hakijui, naye ana ushahidi.

Umma ulikuwa umemchangia fedha nyingi, zaidi ya paundi 44,000, hata askari wakatoa katika posho zao. Sultani Abdul Majid naye alimpelekea bangili ya almasi. Fedha zile alizifungulia chuo cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, mwaka ambao kitabu chake juu ya uuguzi kilikuwa kikisomwa majumbani mwa Waingereza. Wanafunzi wa kwanza walikuwa kumi na watano. Walipewa chumba, chakula na paundi 10 kwa mwaka. Na kila mwezi msimamizi, Bibi Wardroper, aliandika juu ya kila mmoja habari za usafi wake, utulivu wake, uaminifu wake na kuwahi kwake kazini, pamoja na ujuzi wake wa kufunga jeraha na kumgeuza mgonjwa kitandani asipate vidonda. Kwa maneno mengine, tabia na elimu ziliwekwa katika daftari moja. Waliotoka humo walikwenda kufungua vyuo vingine hadi Sydney nchini Australia, na mmoja, Agnes Jones, alikwenda katika hospitali ya mafukara ya Liverpool mwaka 1865, akafa huko kwa homa mwaka 1868.

Tusimfanye malaika. Alikuwa mkali, hakuvumilia waliompinga, na waziri Herbert alimfanyisha kazi hata katika ugonjwa wake wa mwisho. Wauguzi wa Uingereza walipotaka kuandikishwa katika daftari la taifa ili asiyesoma asijiite mwuguzi, yeye alipinga, akihofu kwamba mtihani hupima kumbukumbu wala haupimi moyo. Sisi twaona alikosea. Bila daftari, jina huvaliwa na yeyote; na sheria hiyo ya Waingereza ikapita mwaka 1919, yeye akiwa amekwisha kufariki. Tena vyuo vyake vilikuwa vya wanawake tu, na wazo kwamba uuguzi ni kazi ya kike kwa maumbile lilienea pamoja navyo. Lakini hapa Kenya, katika hospitali za serikali ya kikoloni, waliofunga majeraha na kutoa dawa wengi wao walikuwa wanaume, wale walioitwa madresa. Kijana wa Keroka au wa Nyansiongo anayechekwa leo kwa kuvaa sare ya uuguzi anafuata njia iliyokanyagwa na wazee wake.

Abagusii nao si watu waliokosa kuheshimu utabibu. Mafundi wao wa kupasua kichwa, waitwao ababari, walijulikana hata madaktari wa Ulaya wakaja kuwatazama na kuandika habari zao. Mtu aliyeumia kichwa aliondolewa kipande cha mfupa na wengi wakapona. Lakini baada ya fundi kuondoka na malipo yake, mgonjwa alibaki siku nyingi akilishwa, akigeuzwa na kusafishwa kidonda, na aliyefanya hayo katika nyumba ile hakuwa na jina la kazi yake. Kisu kilikuwa na jina. Mkono uliokesha haukuwa nalo. Twadhani hilo lingali katika nafsi zetu, na ndiyo sababu kijijini mgonjwa akitibiwa vizuri na muuguzi humwita daktari, akidhani amempandisha, kumbe amemnyima jina lake.

Wakenya waliipata darsa kali mwaka 2017, wauguzi wa hospitali za serikali walipogoma tangu Juni hadi Novemba kwa ajili ya mkataba wa malipo yao. Tangu 2013 walikuwa chini ya serikali za kaunti. Miezi hiyo madaktari walikuwako, majengo yalikuwako, vitanda vilikuwako. Na hospitali nyingi hazikuwa hospitali. Wapo waliowalaani wauguzi, nao wapo waliosema kwamba malaika hagomi. Maneno hayo ya umalaika tuyaogope. Malaika hana kodi ya nyumba wala karo ya watoto, na mwenye kumsifu mtu kwa sifa hizo mara nyingi anatafuta njia ya kutomlipa. Kwa upande wa pili, wauguzi nao wasikie lisemwalo katika foleni: yupo anayemfokea mama mwenye uchungu wa kuzaa mbele ya watu, na mama huyo akirudi kwao Borabu au Bobasi husimulia habari hiyo kwa miaka kumi. Daftari la Bibi Wardroper lilikuwa na nafasi ya kuandika jambo hilo.

Miaka yake iliyobaki bibi yetu aliiishi kwa sehemu kubwa kitandani, kwa maradhi aliyoyapata Krimea Mei 1855, ambayo hayakumwacha. Toka kitanda hicho aliandika maelfu ya barua, juu ya hospitali, juu ya maji na usafi wa Bara Hindi, juu ya kupeleka wauguzi majumbani mwa maskini. Mwishoni mwa umri wake macho yakamwisha. Mwaka 1907 mfalme alimpa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kupewa, naye akiwa hatambui sana yanayotendeka. Mwaka huo ndio Waingereza walipoweka boma lao hapa Kisii.

Alifariki dunia tarehe 13 Agosti 1910, umri wake miaka tisini. Siku yake ya kuzaliwa, 12 Mei, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya wauguzi duniani, na Shirika la Afya Duniani liliufanya mwaka 2020, wa mia mbili tangu azaliwe, kuwa mwaka wa wauguzi na wakunga. Jamaa zake walipewa nafasi ya kumzika Westminster Abbey, wanakozikwa wakubwa wa Uingereza, wakakataa. Alichukuliwa na masajini sita wa jeshi hadi East Wellow, kijiji kilicho karibu na Embley, na juu ya kaburi la familia yake jina lake halikuandikwa kamili, bali herufi mbili tu pamoja na tarehe. Miaka sita baadaye, mwaka 1916, katikati ya vita vingine, hospitali ya Kisii ilianzishwa. Nayo pia ilianza kwa ajili ya askari.